Leto alikosa mahali pa kujifungulia

Vijana wenzetu, ukitaja miungu wa kike wa Wagiriki wa kale, wengi wanafikiria Aphrodite na mambo ya urembo, au Athena na mkuki wake kama kwenye filamu. Hao wanajulikana. Sisi tunawaletea mmoja ambaye hata kwenye filamu hapewi nafasi. Anaitwa Leto. Na kabla mtu hajasema tunafundisha watu kuabudu sanamu: hapana. Sisi ni watu wa kanisa na wengine ni watu wa msikiti. Hii ni hadithi. Watu waliisimulia zaidi ya miaka 2,500 iliyopita, na sisi tuliisimulia kwenye kikao chetu cha Jumamosi hapa Koboko, nusu Kiswahili, nusu Kiarabu cha Juba kwa ajili ya wenzetu wa Yei. Hakuna aliyesinzia.

Mwingine atasema haya ni mambo ya wazungu. Sawa, lakini Uganda hii hii, kule Kigezi, watu walimheshimu Nyabingi, roho ya kike iliyojulikana mpaka kaskazini mwa Rwanda. Aliyesema kwa jina lake kwa nguvu kuliko wote alikuwa Muhumusa, mwanamke aliyekimbia Rwanda baada ya ugomvi wa kiti cha mfalme wa mwaka 1896. Waingereza walimkamata mwaka 1911, wakamweka Kampala mpaka akafa 1945. Mkimbizi, tena mfungwa. Kwa hiyo kuhama na miungu wa kike si mambo ya mbali na sisi. Lakini leo ni Leto.

Leto alikuwa na mimba ya Zeus, mkubwa wa miungu. Mapacha. Hera, mke wa Zeus, akakasirika, akakataza nchi zote zisimpokee yule mwanamke ajifungue. Dada mmoja wa kikundi chetu alisimamisha hadithi hapo hapo. Akauliza, mwenye kosa si Zeus? Mbona anayetembea njiani na tumbo ni Leto, na Zeus yuko kwake amekaa? Hatukuwa na jibu, na hadithi yenyewe haina. Akina dada wakaangaliana tu. Akina kaka tukaangalia chini.

Basi Leto akazunguka. Callimachus, mshairi wa Alexandria huko Misri, karne ya 3 kabla ya Kristo, anasema Hera aliweka walinzi wawili juu ya milima: Ares, mungu wa vita, atazame bara, na Iris, mjumbe wa miungu, atazame visiwa. Kazi yao ni kutisha kila mji: ukimpokea, utaona. Na nchi zikakimbia! Milima, mito, miji, kila Leto akikaribia, vinaondoka. Sisi tuliokimbia nchi zetu tulicheka sana kusikia nchi inamkimbia mtu.

Lakini alikuwepo aliyetaka kusaidia. Mto Peneios, kule Thessalia, ulikataa kukimbia. Ukasema njoo ujifungulie hapa, yatakayonipata na yanipate. Ares akainua kilele cha mlima ili auzibe. Leto akamwambia mto: acha, jiokoe, usiumie kwa sababu yangu. Akaendelea na safari. Hapo kikao kilinyamaza kidogo. Wengi wetu tunajua nyumba fulani ambayo tuliondoka usiku, si kwamba tulifukuzwa, ila tuliona mwenye nyumba atapata shida.

Aliyempokea mwishoni ni nani? Si nchi tajiri. Ni Delos, kisiwa kidogo cha mawe, hakina shamba la maana. Na hapa ndipo tunapopapenda sana. Kwa Callimachus, kisiwa hicho zamani kilikuwa msichana, Asteria, ambaye naye Zeus alimtaka kwa nguvu. Akamkimbia, akajirusha baharini, akawa kisiwa kinachoelea. Leo mabaharia wanakiona hapa, kesho hakipo. Hakikuwa na mizizi. Kumbe aliyemfungulia mlango mtu asiye na kwao ni yule ambaye mwenyewe hakuwa na kwao! Na wengine husema Asteria na Leto ni dada, mama mmoja baba mmoja.

Lakini Delos hakupokea hivi hivi tu. Kwenye shairi la zamani zaidi, lile la kumsifu Apollo, kisiwa kinaongea. Kinasema: mimi nitafurahi kukupokea, ila nasikia huyo mtoto wako atakuwa mtu wa majivuno. Naogopa akiona mawe yangu atanidharau, atanipiga teke nizame, pweza wafanye makao juu yangu. Niapie kwanza kwamba hapa ndipo atakapojenga hekalu lake la kwanza. Leto akaapa kiapo kikubwa kuliko vyote, kwa mto Styx.

Tulibishana sana juu ya hicho kiapo. Kaka mmoja alisema hiyo ni biashara, si ukarimu. Sisi hatukubaliani naye. Mnajua utaratibu wa hapa Uganda, kwamba sehemu 30 kwa 100 ya huduma zinazoletwa kwa ajili ya wakimbizi ziende kwa wenyeji. Kuna vijana wetu wanalalamika, eti shule imejengwa kwa jina letu na watoto wa wenyeji ndio wamejaa. Sasa mtu ana mawe tu, amekupa nusu ya mawe yake, asiulize kesho yake itakuwaje? Delos aliuliza swali ambalo mwenyeji yeyote mwenye akili angeuliza. Na Wagiriki walijenga kweli. Hekalu lilikuwepo, sikukuu zilikuwepo, na mwaka 478 kabla ya Kristo miji ya Wagiriki ilipofanya muungano dhidi ya Uajemi, fedha zao ziliwekwa Delos.

Kujifungua kwenyewe hakukuwa rahisi. Siku tisa usiku na mchana. Mkunga wa miungu, Eileithyia, alikuwa amezuiwa na Hera huko juu mlimani Olympus, hata habari hana. Miungu wengine wa kike waliokuja kukaa na Leto wakamtuma Iris amlete kimya kimya, na wakaahidi kumpa mkufu wenye nyuzi za dhahabu, urefu dhiraa tisa. Mama mmoja anayejitolea na sisi kwenye afya alicheka mpaka akatoa machozi: kumbe na huko mkunga haji bila kitu kidogo! (Na huyu Iris ni yule yule ambaye kwa Callimachus alikuwa mlinzi wa Hera. Tunaona watu wa ofisi hubadilika kulingana na anayesimulia.) Mkunga alipokanyaga kisiwa tu, uchungu ukakaza, Leto akakumbatia mtende, akapiga magoti kwenye majani, Apollo akatoka. Wengine husema Artemis alitoka kwanza, akamsaidia mama yake kumzalisha pacha wake, ndiyo maana wanawake wa Ugiriki walimwita Artemis wakati wa uchungu.

Kuna sehemu ya hadithi ambayo kikundi kiligawanyika. Ovid, mshairi wa Roma, anasimulia kwamba Leto na watoto wake wachanga walifika Lycia, ambayo leo ni Uturuki, jua kali, kiu imemmaliza. Akaona bwawa. Akapiga magoti anywe. Wakulima waliokuwa wanakata matete wakamkatalia. Akawaomba kwa upole, akawaambia maji ni ya wote kama jua na hewa. Wakaruka ndani ya maji, wakayakoroga kwa miguu mpaka yakawa matope. Leto akawalaani, wakawa vyura, mpaka leo wanapiga kelele humo humo.

Akina dada walipiga makofi. Wao ndio wanaopanga jerikani saa kumi na moja asubuhi, na wao ndio wanaosikia maneno kwenye foleni ya bomba, kwamba wakimbizi wanamaliza maji. Kuna siku jerikani ya dada wetu mmoja ilipigwa teke. Tunaelewa makofi yao. Ila sisi hatuipendi adhabu ya vyura. Leto aliweza kulaani kisha akaondoka. Sisi kesho asubuhi tutakutana na watu wale wale kwenye bomba lile lile.

Na hadithi ya Delos haikuishia pazuri. Hii si ngano tena, ni historia aliyoiandika Thucydides. Mwaka 426 kabla ya Kristo, Waathene walisema wanakitakasa kisiwa. Wakatoa makaburi yote, wakaweka sheria kwamba Delos asife mtu wala asizaliwe mtu. Mjamzito akikaribia anavushwa kwenda kisiwa cha jirani, Rheneia. Fikirieni, kisiwa ambacho sifa yake yote ni kwamba mwanamke alipata mahali pa kujifungulia! Mwaka 422 wakawafukuza wenyeji wenyewe wote. Mkubwa mmoja wa Uajemi, Pharnaces, akawapa mahali pa kukaa Adramyttion, ng'ambo ya bahari. Mwaka uliofuata wakaruhusiwa kurudi. Watoto wa waliompokea Leto, na wao wakawa wakimbizi.

Hapa West Nile hakuna haja ya kueleza sana jambo hilo. Amin alipoanguka mwaka 1979, na vita vilipofika Arua na Koboko mwaka 1980, watu wa hapa walivuka kwa maelfu kwenda Zaire na Sudan, yaani kwetu. Wengi walikaa huko miaka. Mzee mmoja ambaye tunaishi kwenye ardhi ya ukoo wake alikuja kusikiliza kikao, akakaa nyuma na fimbo yake. Tulipomaliza tukamwuliza, mzee, unasema nini juu ya huyu Leto? Akasema yeye hamjui huyo. Anachojua ni kwamba mke wake alishikwa na uchungu upande ule wa Zaire, chini ya mwembe, siku ya pili baada ya kuvuka, na mwanamke wa kule, ambaye hawakuwahi kujua jina lake, ndiye aliyekata kitovu.

Mtoto huyo sasa amepita miaka 40. Ndiye anayeshika ufunguo wa bomba letu.