Hoteli Iliyojifanya Kijiji

Askari hapati likizo kila apendapo. Huiomba, huingoja, na pengine huahirishwa siku ile ile anapofunga mizigo. Kwa hiyo nilipopewa siku 14 mwaka jana, mimi na mke wangu tuliafikiana kwamba akiba yetu ya miaka miwili tuitumie kuwaonyesha watoto wetu watatu bahari. Tulipanda basi kutoka Kampala hadi Nairobi, kisha garimoshi la reli mpya, ambayo imekuwa ikichukua abiria mpaka Mombasa tangu mwaka 2017. Jioni tulivuka kwa kivuko cha Likoni, tukaelekea kusini hadi Diani, mwendo wa kilomita 30 hivi.

Hoteli tuliyoichagua ilikuwa ya mtindo unaopendwa siku hizi, yaani imejengwa yote kwa kuiga kitu kimoja. Yetu iliiga boma la Wamasai. Vyumba vilikuwa vya mviringo, vimepakwa rangi ya udongo. Kila ufunguo ulifungwa kwenye rungu dogo. Na wahudumu walivaa shuka nyekundu na shanga. Tulipopokewa kwa ngoma na madafu, watoto walishangilia, nami nilijipongeza moyoni.

KASORO ZAJITOKEZA

Kasoro ya kwanza ilikuwa ya mfuko. Tuliambiwa kwamba malipo ni ya jumla. Walakini jumla hiyo haikuwa na soda, wala mashua, wala picha ambazo mpiga picha alitupiga bila kuombwa, kisha akatuletea hesabu yake. Chupa ya maji katika duka la hoteli iliuzwa mara tatu ya bei ya Ukunda, na kwenda Ukunda kulihitaji teksi ya hoteli hiyo hiyo.

Kasoro ya pili ilikuwa makelele. Kijiji cha kuigiza hakilali mapema. Ngoma zilianza saa tatu na kuendelea hadi saa sita usiku, karibu na dirisha letu. Mimi nimezoea kuamshwa na tarumbeta kambini, lakini sikuwa nimelipa fedha ili nizuiwe kulala.

Kasoro ya tatu ndiyo iliyoniuma zaidi, nayo ni ratiba. Kila asubuhi watoto walichukuliwa kwenda kufundishwa umorani kwa ngao za karatasi ngumu. Mke wangu aliitwa kutunga shanga. Mimi nilibaki kitini nikitazama bahari. Jioni watoto walirudi wamechoka, wakala, wakalala. Usiku wa tatu nilitambua kwamba tangu tufike, nilikuwa nimezungumza na binti yangu mkubwa wakati wa chakula tu. Mwezi uliofuata alikuwa anakwenda shule ya bweni, nami nilikuwa narudi kwenye kituo changu mpakani. Likizo niliyoingoja ili niwe na watoto wangu ilikuwa inanitenga nao, tena kwa fedha yangu mwenyewe.

Asubuhi nilimwuliza kijana aliyetuandalia chai kama kwao ni Narok au Kajiado. Akacheka chinichini.

"Mzee, mimi ni Mdigo wa hapa hapa Ukunda. Shuka hii naivaa nikiingia kazini na kuivua nikitoka. Umasaini kwenyewe sijafika."

Kisha akainamisha sauti: "Mkitaka kuona kwetu, nendeni Kaya Kinondo. Si mbali."

Sikumlaumu kijana yule, kwani alikuwa akitafuta riziki yake. Wala mtindo huo si wa pwani ya Kenya peke yake. Huko Las Vegas, Marekani, hoteli ya Luxor ilifunguliwa mwaka 1993 kwa umbo la piramidi la Misri, na hoteli ya The Venetian mwaka 1999, ikiwa na mifereji na mashua kama za Venice. Huko Florida, mwaka 2001, kampuni ya Disney ilifungua hoteli ya Animal Kingdom Lodge, iliyojengwa kwa mfano wa Afrika. Jengo lake moja huitwa Jambo House, na migahawa yake ina majina kama Boma na Jiko. Twiga na punda milia hulisha mbele ya roshani. Lakini chumba kinachotazama wanyama hulipiwa zaidi kuliko kinachotazama maegesho ya magari. Atakaye kuona simba na tembo hana budi kwenda kwenye bustani ya wanyama ya kampuni hiyo, na kulipa kiingilio kingine. Ndiyo tabia ya hoteli za namna hii: mfano ni mmoja, bei ni nyingi.

NJE YA LANGO

Siku ya nne tulitoka langoni. Kaya Kinondo ni msitu mtakatifu wa Wadigo, mmoja wa misitu ya kaya za Mijikenda iliyotiwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Tulifungwa nguo nyeusi kama ilivyo desturi, tukaonywa tusivunje hata kijiti. Binti yangu alitembea amenishika mkono, akiuliza habari za kila mti.

Kesho yake tuliihama hoteli, ingawa fedha ya siku mbili zilizobaki haikurudishwa. Tulipanga chumba cha kawaida mjini Mombasa, tukaizuru Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Waomani waliizingira mwaka 1696, wakaitwaa mwaka 1698, na ndani yake maradhi yaliangamiza watu wengi kabla ya kushindwa. Tangu mwaka 1895 hadi 1958 Waingereza waliifanya jela.

"Kwa nini askari hawakukimbia, Baba?" binti yangu aliniuliza.

Tuliketi kivulini chini ya ukuta, tukazungumza hadi adhuhuri juu ya lindo, amri na hofu. Hajapata kuniuliza habari za kazi yangu kabla ya siku ile.

Ndugu msomaji, sisemi kwamba hoteli hizo zisikanyagwe. Mwenye nafasi na aende. Lakini kabla ya kulipa, ulizia kwa maandishi ni nini kilichomo katika hayo malipo ya jumla. Chukua siku chache kwanza, kwani kuongeza ni rahisi kuliko kudai. Ulizia ngoma hupigwa wapi na hadi saa ngapi. Na zaidi ya yote, ulizia watoto wako watakuwa wapi mchana kutwa. Askari hana likizo nyingi za kupoteza.

Binti yangu sasa yuko bweni. Katika barua yake ya kwanza hakutaja lile boma. Aliniuliza wale askari wa ngomeni walizikwa wapi.