Mugumu na Kuta Zake

Watu wengi hufurahi kusoma habari za miji mikubwa ya mbali, kama Roma na Yerusalemu, nao hudhani ya kuwa mji mdogo wa kwao hauna habari ya kusimuliwa. Sivyo. Kila mahali walipokaa watu pana mambo yaliyotendeka, mengine ya kusifiwa na mengine ya kusikitisha, na mtoto asiyeyajua ni kama mgeni nyumbani mwa baba yake. Kwa sababu hiyo twataka kuwachukua leo mpaka Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti katika Mkoa wa Mara, tuzitazame pamoja alama za nchi ile na kuuliza zilijengwa kwa ajili ya nani.

Mwenye kutoka upande wa Tarime ana safari ya kama kilometa 87. Tarime ni mji wa milimani, penye hewa ya baridi na udongo mwema. Wakurya wa huko hulima mahindi, ndizi na kahawa, nao wapenda ng'ombe kuliko mali nyingine yo yote. Ukiuacha mji nyuma yako wateremka mpaka nchi ya Nyamongo, ambako dhahabu huchimbwa. Mgodi mkubwa wa huko ulianza kazi mwaka 2002. Mbele kidogo wafika Mto Mara, unaotenga Wilaya ya Tarime na Wilaya ya Serengeti. Maji yake yatoka milima ya Mau katika Kenya, yapita mbuga za Wamaasai na pembe ya kaskazini ya Hifadhi ya Serengeti, penye viboko na mamba, kisha yageukia magharibi na kumwagika katika ziwa kuu la Victoria, karibu na Musoma. Siku hizi pana daraja, na msafiri huvuka bila hofu.

Ng'ambo ya mto ndipo ilipo Wilaya ya Serengeti, na katika wilaya hiyo ndimo ulimo mji wa Mugumu. Si mji wa majumba marefu. Una soko, maduka, stendi ya mabasi, makanisa, shule, na Hospitali ya Nyerere, iliyo ya Kanisa la Mennonite. Wakurya hukutana hapo na Wangoreme, Waikoma, Wanata na Waisenye, kila mtu na lugha yake, na wote huuziana na kununuliana kwa Kiswahili. Hesabu ya watu ya mwaka 2012 ilionyesha watu 249,420 katika wilaya nzima. Kusini ya mji nchi yazidi kuwa tambarare, miti yapungua na majani yaongezeka, mpaka waingia katika mbuga zile kubwa ambazo sifa zake zimeenea dunia nzima.

Basi tuzitazame kuta za nchi hii. Ukuta wa kwanza ni ule wa wazee. Katika karne ya 19 wenyeji waliteswa sana na vita vya ng'ombe. Wamaasai walikuja kutoka mbuga za mashariki, wakateka mifugo na kuua watu. Ndipo Wangoreme na jirani zao walipokusanyika vilimani na kujenga miji iliyozungukwa na kuta za mawe. Hawakuwa na saruji wala chokaa. Jiwe liliwekwa juu ya jiwe kwa akili na kwa subira, na mlango ukaachwa mwembamba, ili adui asipate kuingia kwa wingi. Mtu atakaye kuona kazi ya namna hiyo iliyotunzwa vizuri, na avuke mpaka aende Migori katika Kenya. Huko pana mahali paitwapo Thimlich Ohinga, penye kuta za mawe zilizo za kale zaidi, na baadhi yake zapita kimo cha mita 4. Mwaka 2018 mahali hapo paliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia.

Fikirini, wasomaji, kazi ile ilivyokuwa. Mawe yale yalibebwa kwa mikono, na kila nyumba ilikuwa na sehemu yake. Jioni ng'ombe, wazee na watoto waliingia ndani, na vijana wakalinda mlango. Ukuta ule ulijengwa na watu wenyewe kwa ajili ya wanyonge wao. Lakini wako maadui ambao jiwe haliwazuii. Karibu na mwaka 1890 sotoka iliingia katika Afrika ya Mashariki, ikaua ng'ombe wengi mno pamoja na nyati na nyumbu, na nyuma yake zikaja njaa na ndui. Jamaa nyingi zilitawanyika kutafuta chakula.

Ukuta wa pili ni boma la Ikoma. Liko juu ya kilima, kusini ya Mugumu, si mbali na kijiji cha Robanda wala na mto wa Grumeti. Wadachi walilijenga mwanzoni mwa karne ya 20, walipokuwa wakiitawala Tanganyika. Walikichagua kilima kile kwa sababu askari aliyesimama juu yake aliona mbali pande zote. Nalo pia lilikuwa la mawe, lakini sababu yake ilikuwa nyingine. Kuta za wazee zilijengwa ili watu waingie. Boma lilijengwa ili watawala wakae ndani, na watu wa nchi wabaki nje, wakiitwa kwa kodi na kwa kazi.

Mwaka 1917, vita kuu ya kwanza ilipokuwa ikiendelea, kikosi kimoja cha Wadachi kiliachana na jeshi lao kubwa lililokuwa kusini, kikaelekea kaskazini. Kiongozi wake, Kapteni Wintgens, aliugua, akajitoa kwa adui, na Naumann akashika mahali pake. Kikosi kikavuka reli ya kati, na mwezi wa Juni kikafika Ikoma na kulishika boma. Askari wa Wabelgiji waliotoka Kongo wakaja kupigana nacho hapo, wakapata hasara kubwa. Naumann aliondoka Ikoma, na kabla ya mwaka kwisha alizungukwa akasalimu amri. Vitabu vya vita vyataja majina ya maofisa. Lakini kikosi kilichokatwa mbali na ghala zake kiliishi kwa nini, ila kwa nafaka na mifugo ya vijiji kilivyovipita? Na mizigo yake ilichukuliwa na nani, ila na wapagazi? Hao hawakuandikwa majina. Mwalimu anayefundisha habari za vita hivyo na asiwasahau.

Baada ya vita Waingereza walitawala, na boma likakaa mikononi mwao. Baada ya uhuru likageuzwa kwa muda kuwa hoteli ya watalii. Ndivyo zilivyo kuta za wenye nguvu. Leo ni ngome, kesho ni mahali pa kunywea chai.

Kati ya kuta hizi pana na mpaka usio na ukuta, nao ni mpaka wa Hifadhi ya Serengeti. Hifadhi ilifanywa mwaka 1951, mipaka yake ikabadilishwa mwaka 1959, na mwaka 1981 ikaingizwa katika urithi wa dunia. Kazi njema imefanyika humo. Ng'ombe wa vijiji vya jirani walipochanjwa dhidi ya sotoka, ugonjwa ule ulikoma hata katika wanyama wa porini. Nyumbu waliokuwa kama 250,000 mwaka 1961 wakaongezeka hata wakapita 1,000,000 kabla ya mwaka 1980. Lakini Waikoma na Wanata, waliokuwa wawindaji tangu mababu, walikatazwa pori walilolizoea, na hata leo ndovu hutoka usiku wakala mahindi ya mkulima. Vijiji kadhaa vimeungana kutunza wanyama katika ardhi yao na kupata sehemu ya fedha za watalii. Umoja wao waitwa Ikona, jina lililotungwa kutoka kwa Ikoma na Nata.

Sasa twafika kwenye ukuta wa tatu, ambao kwa ajili yake hasa tumeandika habari hii. Hauko juu ya kilima, wala watalii hawaupigi picha. Ni ukuta wa nyumba ya kawaida mjini Mugumu, iitwayo Nyumba Salama. Ilifunguliwa mwaka 2014 chini ya Dayosisi ya Mara ya Kanisa la Anglikana, na aliyeiongoza tangu mwanzo ni Mama Rhobi Samwelly. Mama huyo alikeketwa mwenyewe utotoni, akatokwa na damu nyingi hata akakaribia kufa. Alipokuwa mtu mzima aliamua kuwapa watoto wa wengine mlango ambao yeye hakuupata.

Wasomaji wa Mara wajua tunayoyasema. Mwezi wa Desemba, shule zikiisha kufungwa, ngoma hupigwa vijijini na mangariba huitwa. Sheria ya mwaka 1998 yakataza kabisa kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Hata hivyo, uchunguzi wa serikali wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha ya kuwa katika Mkoa wa Mara, kati ya kila wanawake 100 wenye umri wa miaka 15 mpaka 49, kama 32 walikuwa wamekeketwa. Wazazi hawafanyi hivyo kwa kuwachukia binti zao. Wengine waogopa kuchekwa na ukoo, na wengine wawaza ng'ombe wa mahari. Lakini damu haiulizi nia ya mzazi, wala jeraha halijui desturi. Wako wanaokufa, na wako wanaopata taabu kila wanapojifungua.

Basi katika msimu wa kwanza wasichana zaidi ya 100 waliikimbilia nyumba ile. Wengine walitembea usiku peke yao, katika nchi yenye fisi. Mwanzoni wasaidizi walipata shida kuvifikia vijiji, kwa kuwa njia nyingi hazikuandikwa katika ramani yo yote. Watu wa nchi mbalimbali wakajitolea. Wakizitazama picha zilizopigwa kutoka angani, walichora njia na nyumba, na wenyeji wakaongeza majina. Ramani ile huwasaidia waokoaji na polisi kumfikia mtoto kabla ya saa kupita. Msimu ukiisha wazazi huitwa, huzungumzwa nao kwa upole, nao hutia sahihi ya kuahidi kwamba binti hatadhurika. Wengi hupokewa nyumbani kwa amani. Wengine hawapokewi, nao hubaki, wakaendelea na masomo au kujifunza kushona. Katika Wilaya ya Tarime, huko Masanga, masista Wakatoliki nao wamewafungulia wasichana mlango kama huo.

Twakumbuka ya kuwa Waisraeli waliamriwa kutenga miji sita ya kukimbilia, na mwenye kufuatwa alipoingia humo hakuuawa kabla ya kusikilizwa. Mji wa namna hiyo haupimwi kwa wingi wa maduka yake. Wapimwa kwa mlango wake, kwamba hufunguka mtu anapobisha usiku.

Ninyi walimu, wafundisheni watoto habari za kuta hizi. Waulizeni wazee wa kijiji chenu yako wapi mawe ya zamani, na ni nani aliyeyabeba. Yaandikeni majibu yao kabla wazee hawajatutoka. Na ninyi akina baba na akina mama, Desemba haiko mbali. Ukuta ulio bora kuliko yote kwa msichana ni neno la baba yake mwenyewe, alilolisema waziwazi mbele ya ndugu zake: Huyu hataguswa. Neno hilo likisemwa katika kila nyumba, Nyumba Salama ya Mugumu haitakuwa na mtu wa kumkimbiza, na wanaoitunza watafurahi kuliko watu wote.