Barua kutoka Louisville: Mtihani wa Upepo



Huku Kentucky baridi imeanza kung'ata na watu wamekwisha kutoa majaketi kabatini. Maswali yenu ya karibuni yamekuwa mengi kuhusu malori: dereva analipwaje, leseni anaipataje, na aliyezoea njia ya Dar es Salaam hadi Tunduma ataiweza kazi ya huku? Malipo si haba, hilo tuliache. Habari ni leseni, na ndani ya leseni kuna kigingi kinachowakwaza hata wazee wa kazi: mtihani wa maandishi wa breki za upepo.

Zamani mambo yalikuwa holela. Katika majimbo kadhaa ya Marekani, mwenye leseni ya gari dogo aliruhusiwa kisheria kuondoka na semitrela. Sheria ya mwaka 1986 ilikomesha hilo, na tangu Aprili 1992 huendeshi gari zito la biashara bila leseni yake maalumu. Anayetaka kuvuta trela kwa kawaida hufanya mitihani mitatu ya maandishi: maarifa ya jumla, maswali 50, magari ya kuunganisha, 20, na breki za upepo, 25. Alama ya kufaulu ni asilimia 80, kwa hiyo kwenye upepo una ruhusa ya kukosa matano tu. Ukiukwepa mtihani huo au ukianguka, leseni inawekewa herufi L, yaani usiguse gari lenye breki za upepo. Na semitrela isiyo na breki za upepo utaitafuta sana. Leseni yenye L ni ya kupigia picha.

Jumapili jioni mimi hupita kwa jirani yangu, Mkongo wa Bukavu, ambaye sebule yake imegeuka darasa la mtihani huu. Huja Warundi, Wakenya, na Mtanzania mmoja wa Makambako aliyekata lami ya kwenda Zambia kwa miaka mingi. Mimi si dereva wa lori. Kazi yangu pale ni kuwasomea Kiingereza cha kitabu cha leseni na kumaliza chai ya watu. Kiswahili ndicho kinachotuunganisha, kila mtu na lafudhi yake, na ubishi haukosekani.

Ubishi mkubwa ni juu ya kazi ya upepo wenyewe. Kwenye breki ya mguu hakuna shida: unakanyaga, upepo unatoka tankini na kusukuma fimbo ndani ya chemba ya breki, fimbo inazungusha kamu yenye umbo la S, viatu vya breki vinatanuka na kubana dramu. Breki ya kuegesha ni kinyume chake. Mle ndani kuna springi nene inayotaka kubana wakati wote, na upepo ndio unaoizuia. Upepo ukipotea, springi inashinda na magurudumu yanafunga. Ndiyo sababu lori lililoishiwa upepo usiku haling'oki asubuhi mpaka kompresa ijaze matanki. Wazo hilo la breki kujifunga yenyewe upepo unapotoroka ni la reli. Mvumbuzi George Westinghouse alilitumia kwenye treni katika karne ya 19.

Yule wa Makambako alilijua hilo kwa mikono. Alitueleza namna ya kuikaza springi kwa boliti ili lori lililokwama lipate kuvutwa, huku utingo ameshaweka mawe kwenye matairi, nasi tukamsikiliza kama redio ya mpira. Kisha nikamsomea swali: lori lina trela, injini imezimwa, breki zimeachiwa, upepo unaruhusiwa kupungua kiasi gani kwa dakika moja? Akacheka. "Ukisikia unavuja, unashuka unatafuta panapovuja." Barabarani hilo ni jibu zuri. Kwenye mtihani ni sifuri.

Mtihani unataka useme 3, yaani pauni tatu kwa inchi ya mraba. Lori lisilo na trela ni 2. Ukikanyaga breki na kushikilia, zinakuwa 4 na 3. Halafu zinafuata namba nyingine: kompresa huacha kujaza karibu na 125 na kuanza tena karibu na 100, vali ya usalama hufunguka 150, kitufe cha breki ya kuegesha hujitokeza chenyewe kati ya 20 na 45. Taa au king'ora cha upungufu wa upepo lazima kiamke kabla ya 60, ingawa vitabu vipya vimeshaandika 55, kwa hiyo jibu kwa kitabu cha jimbo lako. Na geji nyingi za malori ya nyumbani husoma kwa bar! Aliyezoea kuona 8 na nusu inabidi aizoee 125, ilhali upepo ni uleule.

Wapo wanaosema namba hizi ni njama ya kuwachuja wageni. Siamini. Wenyeji nao wanaulizwa hizohizo, na kila namba ina chanzo chake. Chukua uchelewaji wa upepo. Kutoka pedeli hadi gurudumu la nyuma upepo una safari, nusu sekunde au zaidi. Kwa mwendo wa maili 55 kwa saa, karibu kilomita 88, lori linakula mita 10 au zaidi kabla breki haijashika. Jumlisha muda wa kuona hatari, kunyanyua mguu na kusimama kwenyewe, unapita mita 135. Dereva anayeijua namba hiyo hamkaribii wa mbele.

Mteremko ndio unaotenganisha mazoea na kitabu. Mnaujua mteremko wa Kitonga. Huku jirani yetu ni Monteagle, kule Tennessee kwenye barabara ya I-24, mlima wenye njia za dharura za kuyapokea malori yaliyokatika breki. Kitabu kinataka uingie gia nzito kabla ya kuanza kushuka. Mwendo ukifikia kiwango salama, bana breki sawasawa mpaka upungue kwa maili 5 kwa saa, kama sekunde 3 hivi, uachie, urudie. Kukanyaga kidogokidogo mlima mzima hupasha dramu moto, dramu hutanuka na kukimbia viatu, mguu unazama bila kitu. Na breki zikiwa za moto sana usivute ya kuegesha. Tafuta tambarare, weka kabari.

Baridi nayo ina maswali yake. Maji yanayojikusanya kwenye matanki ya upepo hayana budi kumwagwa kila siku, kwa sababu huku huganda ndani ya vali, na vali iliyoganda haina breki.

Ukivuka karatasi, kuna mafunzo ambayo yamekuwa ya lazima tangu Februari 2022, shule ikigharimu dola elfu kadhaa, kisha mtihani wa vitendo. Hapo unakaa kwenye usukani na kumweleza mtahini kila unachokipima: uvujaji, king'ora, kitufe. Ukikosea ukaguzi huo umeanguka, hata kama unajua kurudi nyuma na trela. Mkalimani haruhusiwi. Sheria ya dereva kuweza kusoma na kuzungumza Kiingereza ni ya zamani, lakini tangu Juni 25, 2025 anayeshindwa kumjibu askari au mkaguzi barabarani anasimamishwa palepale. Wenzetu wanaoijua breki vizuri wanakwama hapo.

Kwa hiyo wewe uliyeko Mbeya, Mombasa au Goma na jicho lako liko huku, usisubiri viza ndipo uanze. Vitabu vya leseni hii vya majimbo vinapatikana bure kwenye intaneti, na sura ya 5 ndiyo ya breki za upepo. Ipakue, ielewe kwanza kwa Kiswahili na fundi unayemwamini, halafu tafuta mtu akuulize maswali yake kwa Kiingereza, nawe umjibu kwa sauti.