Kadi ya Mpwa Wangu

Wasomaji wa ukurasa huu mmezoea kuniona nikibishana na bajeti za serikali. Leo mniruhusu niwapeleke nyumbani Dutwa, kando ya barabara ya Lamadi kwenda Bariadi, ambako likizo iliyopita nilijikuta nikibishana na mpwa wangu juu ya kadi ya michoro.

Ana kompyuta moja ambayo vijana hulipia kuchezea gemu, hasa GTA V. Kadi yake ni GTX 1050 Ti, toleo la mwaka 2016, aliyoinunua mtumba kwa fedha za pamba ya mama yake. Gemu ilikuwa ikikwamakwama na wateja wameanza kununa.

"Mjomba, watu huisukuma kadi ikapita kasi ya kiwandani. Tuisukume na hii."

Nilimwuliza, ikiungua, atamwambia nini mama yake. Akanyamaza.

Nilikubali kwa sharti moja: tuanze na vumbi. Tulipofungua kasha, mapezi ya kupozea hayakuonekana. Katika jaribio la kwanza joto lilikuwa limefika nyuzi 84, na kadi za aina hii zikikaribia hapo hujipunguzia kasi zenyewe ili zisiharibike. Maana yake tulikuwa tukitaka kuongeza juu ya kasi ambayo hata hatukuwa tukiipata. Brashi na mafuta mapya ya kupitishia joto vilituteremsha hadi nyuzi 71, na picha zikapanda kutoka 48 hadi 52 kwa sekunde. (Nilizikumbuka ofisi zetu: kila mwaka wa fedha malengo huongezwa, na hakuna anayeuliza habari za feni.)

Ndipo tukafungua programu ya MSI Afterburner. Tuliongeza megahezi 25, tukaendesha jaribio la Unigine Heaven dakika 20, tukasoma joto, tukaongeza tena. Kazi inachosha, na mpwa wangu alitaka kuruka hatua. Volti sikumruhusu aziguse: kasi ikipanda peke yake, umeme unaoliwa hupanda kwa kiasi hichohicho, lakini volti zikipanda, huongezeka kwa mraba wake. Tena kadi yake haina waya wake wa umeme; wati zake 75 zote hupita katika ubao mama, na kuishurutisha ni kuuumiza ubao huo pia.

Kwenye nyongeza ya 175 kioo kilijaa vidoa vya rangi. Tungeweza kurudi 150 tukashangilia. Nilimrudisha hadi 125, kwa kuwa tulikuwa tukipima usiku, ilhali wateja wake huja mchana, chini ya bati. Nilimkataza pia kuiamuru programu ipakie mipangilio hiyo yenyewe kompyuta inapowaka, hadi wiki nzima ipite salama. Kosa likitokea, kuzima na kuwasha kunatosha kuirudisha kadi ilivyokuwa. Stabilaiza aliahidi kuinunua baada ya mauzo yajayo ya pamba.

Tulipata picha 55 kwa sekunde. Zaidi ya nusu ya faida hiyo ilitoka kwenye brashi, jambo ambalo lilimkera kidogo.

Baada ya siku tisa alinitumia ujumbe: "Shikamoo mjomba. Saa nane mchana, nyuzi 79. Nimeiacha hapohapo. Mama anauliza kama brashi yake ya nguo tulikwenda nayo wapi."