Pantoni Imenitia Hasara

Wiki hii naungama. Mimi ni mtoto wa Kigamboni, kibarua changu kipo Kariakoo, na njia ni mbili. Ya kwanza unapanda daladala moja tu, linapita darajani Kurasini na kukushusha Gerezani. Ya pili ndiyo yangu: napanga foleni ya pantoni, navuka, halafu natafuta gari jingine Kivukoni.

Jirani yangu mmoja, mtu wa hesabu, alinishikia saa siku tano. Siku nne daraja lilishinda. Nikamwambia saa yako mbovu.

Jamani, pantoni nimeizoea tangu udogoni. Nina pahala pangu pa kusimama, pembeni, upepo unanipiga usoni, mji wote uko mbele na mnara wa kanisa la Azania Front unaonekana. Kuvuka kwenyewe ni dakika chache, kinachokula muda ni kusubiri. Lakini kule unasubiri na karanga mkononi, watu wanabishana Simba na Yanga. Kwenye daladala unasubiri umekunjwa, kwapa la mtu puani! Dakika kumi za hapo ni ndefu kuliko ishirini za Feri, nani atanibishia?

Mwaka 2012 nauli ya pantoni ilipopanda toka shilingi 100 hadi 200, waziri wa ujenzi, marehemu Magufuli, alisema asiyetaka kulipa apige mbizi. Aprili 2016, sasa akiwa rais, akafungua daraja lenye urefu wa mita 680. Babu yangu alilisifia sana, na akaendelea kupanda pantoni hadi anafariki.

Basi Jumatatu ya wiki iliyopita nilikuta foleni ya Feri imefika barabarani. Konda wa gari la darajani akanishika mkono kabisa, nikamtoa. Kazini nilifika saa nne kasoro. Bosi hakugomba. Aliandika kitu kwenye daftari lake, na Jumamosi nikalipwa siku tano badala ya sita. Hela ile ilikuwa ya viatu vya mdogo wangu wa darasa la saba. Nikamdanganya eti siku moja duka halikufunguliwa.

Sasa asubuhi napita darajani, nimebanwa dirishani, nafika mapema mpaka bosi anashangaa. Jioni ni saa zangu mwenyewe, nateremka Kivukoni na kungoja pantoni kama kawaida. Viatu nitanunua mwisho wa mwezi. Jana nilimpelekea karanga.