Swali Nililolizima

Katika mwaka wangu wa pili wa ukufunzi, nilifundisha somo la sehemu za ua kwa kutumia picha. Picha hiyo ilikuwa ya ua dogo la njano liitwalo kitaalamu Erigeron linearis. Mmea huu huishi miaka mingi katika nchi kavu, yenye mawe, ya magharibi ya Marekani, ambako milima ya Cascade huzuia mvua itokayo baharini. Huota miongoni mwa vichaka vya jamii ya pakanga. Kimo chake kwa kawaida hakifiki sentimita 30; majani yake ni membamba sana, nao mzizi wake mkuu huzama kati ya mawe.

Niliwaagiza wanachuo wahesabu petali. Mmoja akauliza: “Mkufunzi, ikiwa hili ni ua moja, kama alizeti, mbona alizeti moja huzaa mbegu mamia?” Nilimwambia asitutoe nje ya somo. Akaketi.

Wiki chache baadaye, wakati wa mazoezi ya kufundisha, nilimkuta yule yule mbele ya darasa la nne, akiwahesabisha watoto “petali” za alizeti. Alikuwa akirudia maneno yangu, na swali lake alikuwa ameliacha chuoni.

Jioni ile nilichuma kishonanguo kando ya njia, nikakipasua kwa wembe. Ndani mlikuwa na vijiua vingi, vyenye stameni na ovari zao. Kile nilichokiita ua kilikuwa kusanyiko la maua. Na kila “petali” ya njano katika ile picha ni kijiua kizima cha kike. Alizeti, kishonanguo, pakanga na ua lile la Marekani yote ni mimea ya ukoo mmoja.

Kesho yake nilirudi katika darasa lile. Niliwaambia watoto kwamba kosa lilikuwa langu, wala si la mwalimu wao. Kisha yeye mwenyewe akawagawia vichwa vya alizeti, wakavifumua kwa vidole.

Ndugu mwalimu mtarajiwa, picha ya ua la mbali ina manufaa yake, lakini itanguliwe na mmea ulio mlangoni pa darasa. Na mtoto akikuuliza usilolijua, liandike swali lake ubaoni, mlitafutie jibu pamoja.