Si Kila Anachoungama Mama Mzazi Ni Dhambi



Ninaandika makala hii kwa ruhusa ya dada yangu. Aliisoma kabla sijaituma, akafuta sentensi mbili, akaongeza moja, kisha akasema jina lake lisiwekwe. Basi hapa ataitwa dada tu.

Alijifungua mtoto wake wa pili mwezi Machi, jijini Dar es Salaam, salama kabisa. Uzazi wa kwanza alikuwa nyumbani Moshi, na mnajua mambo ya mzazi kule kwetu: anakaa ndani, analetewa mtori, mbuzi anachinjwa, mawifi na mashangazi wanapokezana mtoto, naye kazi yake ni kunyonyesha na kulala. Safari hii alikuwa kwenye vyumba viwili vya kupanga huko Mbagala. Shemeji ni dereva wa malori yanayokwenda Congo. Akiondoka ni wiki tatu, wakati mwingine nne, kutegemea foleni ya mpakani. Mama alikuja, akakaa wiki tatu, akarudi kwa ng'ombe wake. Mimi nilikuwa mwaka wa pili wa falsafa, na likizo ya mwezi wa sita nilifikia kwake.

Mtoto alikuwa amenona. Mama yake alikuwa amekwisha. Mtoto akilala, yeye halali. Anakaa kitandani akimtazama kifua kama kinapanda na kushuka. Chakula anakipika, anatupakulia, yeye anakula vijiko viwili. Alikuwa haingii jikoni akiwa amembeba mtoto, na visu vyote alivifungia kabatini. Nilipomuuliza kwa nini, alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniambia: "Frateri, mimi nina dhambi ambayo haitoki. Nimeiungama mara tatu, na bado ninayo."

Dhambi yenyewe ilikuwa hii: hampendi mtoto wake. Anamnyonyesha, anamwogesha, lakini ndani hasikii kitu, kama vile ameachiwa mtoto wa jirani. Pili, zinamjia picha kichwani, mtoto anamponyoka na kuanguka kwenye maji ya moto, mtoto anaumizwa na kisu, na mkono ulioshika kisu ni wake. Hizo picha alizihesabu kuwa ni tamaa za kuua.

Siri ya maungamo inamfunga padre, haimfungi muungamaji, na dada amependa nieleze alichoambiwa. Padre wa kwanza alimpa malipizi, rozari nzima. Wa pili alimwambia amshukuru Mungu, kwa kuwa wako wanaolia usiku na mchana kwa kukosa mtoto. (Huyo sikubaliani naye hata kidogo. Mama yule alitoka kitubioni akiwa na dhambi mbili: ya kutompenda mtoto na ya kutokuwa na shukrani.) Majirani walisema ni chango la uzazi, wengine jicho baya. Kikundi kimoja cha sala kilimshauri afunge siku tatu bila kula wala kunywa, huku ananyonyesha. Hakufunga, ashukuriwe Mungu. Kanisa halimdai mama anayenyonyesha mfungo wa namna hiyo, na ninawaomba viongozi wa sala mlishike hilo.

Padre wa tatu alikuwa mzee. Alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akamuuliza swali ambalo halimo katika kitabu chochote cha ibada: "Mwanangu, mtoto akilala usiku, na wewe unapata usingizi?" Dada akajibu kwamba hana usingizi tangu Pasaka. Padre akamwambia kuwa dhambi kubwa inahitaji ujuzi kamili na ridhaa ya moyo, naye haoni ridhaa hapo, anaona mgonjwa. Akamwagiza aende hospitali kesho yake, na asiende peke yake. Ndipo dada alipopata ujasiri wa kuniambia, na asubuhi tukaenda wote.

Muuguzi aliyetupokea alitoa karatasi yenye maswali kumi. Baadaye nilijifunza kwamba hiki ni kipimo kilichotungwa Uingereza na Cox, Holden na Sagovsky, kikatolewa mwaka 1987, nacho kinaitwa kwa jina la mji wa Edinburgh. Kimetafsiriwa katika lugha nyingi. Kinauliza juu ya siku saba zilizopita tu: je, umeweza kucheka, umejilaumu bila sababu, umeogopa bila sababu, umekosa usingizi kwa huzuni. Swali la kumi linauliza kama umefikiria kujidhuru. Kila jibu lina alama, na jumla ya juu kabisa ni 30. Dada alipata 19. Karatasi hiyo haitoi jina la ugonjwa, inamwonyesha tu mhudumu kwamba mama huyu asirudishwe nyumbani kabla ya kuongea naye. Walipima pia wingi wa damu na tezi ya shingo, kwa kuwa upungufu wa damu na kasoro ya tezi hiyo huweza kumfanya mzazi awe vilevile. Mwisho daktari akasema: ni sonona, pamoja na wasiwasi uliokithiri.

Zile picha za kisu alizieleza kwa namna ambayo sitaisahau. Mama anayeziogopa picha hizo, anayeficha visu, anayekimbia jiko, anafanya yote hayo kwa sababu anamlinda mtoto. Mawazo ya namna hii huwapata wazazi wengi, na kwa mwenye sonona huwa makali zaidi. Kinachotisha ni kingine: mama ambaye wazo la kumdhuru mtoto halimtishi tena, analiona ni sahihi, au anasema ameagizwa.

Hapo nisimame kidogo, kwa sababu sisi tunaotazamia kuitwa usiku kwenda kuombea watu ni lazima tujue tofauti hii. Machozi ya siku za mwanzo huwapata akina mama wengi sana. Huanza siku ya pili au ya tatu, na ndani ya wiki mbili huwa yameisha yenyewe kwa usingizi na watu wema. Yakipita wiki mbili, au yakimzuia mama kula, kulala na kumhudumia mtoto, tunazungumzia sonona, na hiyo inaweza kuanza tangu mimba. Katika mimba hufichika zaidi, kwani uchovu, kukosa usingizi na kukosa hamu ya chakula kila mtu anasema ni mimba tu. Ugonjwa ambao watu wetu wanauita kichaa cha uzazi huwapata mama mmoja au wawili katika kila elfu moja wanaojifungua. Mara nyingi huanza ghafla ndani ya wiki mbili za kwanza. Mama anakaa siku mbili tatu bila kulala na hasikii uchovu, anazungumza haraka, anasikia sauti, anasema mtoto amebadilishwa au mtoto huyu ni wa ajabu na ana utume fulani. Anaweza kutulia asubuhi mkadhani amepona, jioni ikarudi.

Mama huyo anapelekwa hospitali siku hiyohiyo. Asiachwe peke yake na mtoto hata kwa dakika za kwenda dukani. Anatibika, tena wengi hupona vizuri kabisa, lakini saa zinazopotea zinaweza kuondoa roho mbili. Mkimwona, mtasukumwa kumfanyia maombi ya kufukuza mapepo, maana kila aliyepo atasema ni pepo. Kumbukeni Sheria za Kanisa, kanuni ya 1172: hakuna anayeruhusiwa kufanya ibada hiyo bila ruhusa ya wazi ya Askofu. Sala ya kumwombea mgonjwa haina kizuizi, nayo inafaa hata ndani ya gari la kwenda hospitali. Mwanamke aliyewahi kuugua ugonjwa wa baipola, au aliyewahi kupatwa na kichaa hicho katika uzazi uliopita, amweleze daktari mapema, ikiwezekana kabla ya mimba, ili uzazi wake upangiwe ulinzi. Dawa zake asiziache ghafla kwa kuogopa mimba. Zipo zinazobadilishwa, kama valproeti ambayo humdhuru mtoto tumboni, na zipo anazoendelea nazo. Hilo aamue daktari, asiamue jirani.

Narudi kwa dada. Alipewa vidonge vya setralini, na muuguzi akampangia mazungumzo kila wiki. Aliogopa vidonge kwa ajili ya maziwa. Akaelezwa kwamba dawa hiyo hupita kwenye maziwa kwa kiasi kidogo sana na anaweza kuendelea kunyonyesha. Aliambiwa pia asitegemee nafuu kesho, kwa sababu dawa hizi huchukua wiki kadhaa. Agizo la tatu lilikuwa letu sisi wa familia: mama huyu alale saa kadhaa mfululizo usiku, mtu mwingine akae na mtoto. Mama mdogo akapanda basi kutoka Moshi. Shemeji, baada ya mabishano na bosi wake, akapewa safari fupi za hapa ndani kwa miezi miwili.

Haikuwa safari iliyonyooka. Wiki ya tatu dada alilia kuliko wiki ya kwanza. Wiki ya tano nilipigiwa simu nikiwa seminarini, nikasikia anamcheka mtoto aliyekuwa akipiga chafya. Alipoona nafuu alitaka kuacha vidonge, muuguzi akamkatalia: nafuu ikipatikana, dawa huendelea kwa miezi sita au zaidi ili ugonjwa usirudi. Sentensi aliyoniagiza niongeze ni hii: "Waambie kwamba upendo haukuja siku moja kama walivyoniahidi, ulikuja kidogo kidogo kama maziwa."

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu asilimia 10 ya wajawazito na asilimia 13 ya waliojifungua hupatwa na ugonjwa wa akili, hasa sonona, na kwamba katika nchi zinazoendelea idadi ni kubwa zaidi: asilimia 15.6 katika mimba na 19.8 baada ya kujifungua. Hesabuni akina mama walioleta watoto kubatizwa parokiani kwenu mwaka jana, mgawanye kwa tano. Watu hao hawakosi kliniki. Mtoto anapelekwa chanjo wiki ya 6, ya 10 na ya 14, anapimwa uzito, kadi inajazwa. Mara nyingi mama aliyembeba haulizwi chochote.

Mtu anaweza kusema hatuna madaktari wa akili wa kutosha, na ni kweli. Lakini katika vijiji vya Rawalpindi, Pakistan, watafiti waliwafundisha wahudumu wa afya wa kijijini, wanawake wenye elimu ya sekondari, kuwatembelea majumbani akina mama wenye sonona. Walianza mwezi wa mwisho wa mimba na kuendelea miezi kumi baada ya kujifungua, jumla mara 16, wakizungumza nao juu ya mawazo yanayowaangusha na juu ya watu wa kuwasaidia. Matokeo yalitolewa mwaka 2008. Baada ya miezi sita waliobaki na sonona kali walikuwa asilimia 23, na katika kundi lililotembelewa bila mafunzo hayo walikuwa asilimia 53. Niliposoma hayo niliwaza WAWATA na Jumuiya Ndogo Ndogo. Nani mwingine ana watu wanaojua kila nyumba yenye mzazi mpya, na ambao tayari wana desturi ya kwenda na sabuni na sukari?

Kwa wale wenzangu wanaoona mambo haya hayana teolojia: fungueni Summa ya Mtakatifu Thoma, sehemu ya kwanza ya sehemu ya pili, swali la 38. Anauliza huzuni inatibiwaje. Anataja machozi, anataja huruma ya marafiki, anataja kutafakari ukweli, na kifungu cha mwisho anakipa usingizi na kuoga. Mwalimu wa Kanisa ameona mwili unastahili kifungu chake. Naye Mtakatifu Yohane wa Msalaba, anapoeleza usiku wa giza, hakusahau kuonya kwamba ukavu mwingine unatokana na ugonjwa wa huzuni. Yeye aliyekuwa bingwa wa usiku huo hakumwambia kila mwenye huzuni kwamba anapanda mlima.

Sasa niko mwaka wa kichungaji, na paroko amenikabidhi mafundisho ya ubatizo kwa wazazi na wasimamizi, kila Jumamosi saa tisa. Nilimwomba tuwape dakika kumi na tano wahudumu wa zahanati ya masista, akakubali. Anakuja muuguzi mmoja. Haanzi na magonjwa. Anauliza akina mama wamelalaje wiki hii, kisha anawageukia akina baba na kuwauliza wao wamelalaje, maana nao huanguka. Anasema wazi neno kujiua, kwa sababu kumuuliza mtu juu yake hakumtii wazo hilo kichwani, kunampa tu nafasi ya kusema. Halafu anakaa kwenye benchi la nje, chini ya mwembe, mtu yeyote amfuate.

Jumamosi mbili za kwanza hakufuatwa na mtu. Ya tatu alifuatwa na baba mmoja, amembeba mtoto, akitaka kujua kama hiyo sonona huwapata hata wanaosali kila siku, kwa kuwa mke wake anasali sana na leo amekataa kutoka kitandani. Muuguzi akachukua mkoba wake, wakaondoka pamoja kwa miguu kwenda huko nyumbani.